Bidoni ya njano na jembe la kurudi nalo nyumbani

Mazungumzo mbele ya wanamemba na wafadhili, kisha kutazama filamu



Vipande tulivyotazama vimetoka katika mfululizo wa televizyo wa Marekani unaoitwa Bomb Patrol: Afghanistan. Ulianza kuonyeshwa mwaka 2011 kwenye kanali ya G4. Hakuna mwigizaji pale. Ni askari wa kweli wa kutegua mabomu, na kamera zingine zilifungwa kwenye kofia zao, ndiyo maana picha inatikisika sawa vile mtu anatembea. Baba mmoja hapa mbele ameuliza: askari wa majini wanatafuta nini Afghanistan, inchi ambayo haina bahari? Ulizo nzuri. Katika jeshi la Marekani, kazi hii inafundishwa kwa vikosi vyote katika masomo moja yanayoongozwa na jeshi la majini, kule Florida. Kwa hiyo wanatumwa popote, hata jangwani.

Niliona vijana wamefurahia roboti. Hata mimi naipenda. Lakini angalieni kitu kingine: ile bidoni ya njano. Kule Afghanistan ilikuwa bidoni ya mafuta ya kula, sawa na hii yetu ya kuchotea maji. Watengeneza mabomu waliijaza mbolea iliyochanganywa, wakaifukia barabarani, na juu yake wakaweka vipande viwili vya mbao vyenye waya na pile. Ukikanyaga, mbao zinagusana, basi. Kwa sababu chuma ni kidogo sana ndani yake, mashine ya kutafuta chuma inaweza kupita juu bila kulia. Ndiyo maana munamuona askari amepiga magoti, anapangua udongo kidogo kidogo kwa mkono. Siyo woga. Ni akili.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Wale askari wakimaliza, wanasema barabara iko wazi. Ni kweli, barabara iko wazi: gari za jeshi zitapita. Lakini hawakuingia katika shamba la kando ya barabara, wala nyuma ya masomo, wala kwenye mto. Hawakutumwa kufanya hivyo. Kazi ya jeshi ni kufungua njia haraka, kisha kuendelea. Kazi ya wale wanaotegua kwa ajili ya raia ni nyingine kabisa: wanaweka kamba na alama, wanapima ardhi mita kwa mita, na hawaondoki mpaka mama aweze kulima pale bila kufikiri. Filamu haionyeshi kazi hiyo kwa sababu inachosha kutazama. Nani ataketi kuangalia mtu anapalilia udongo mwezi mzima?

Kazi hiyo iliyofichwa inafanywa zaidi na wenyeji. Afghanistan wenyeji waliianza tangu miaka ya 1980 kwenda mwisho, na wengine wameifia. Tarehe 8 Juni 2021, watu wenye silaha waliingia katika kambi ya wateguaji wa HALO Trust, jimbo la Baghlan, wakaua 10. Hawa hawakuwa na televizyo nyuma yao.

Na kuna jambo la Afghanistan linalotuhusu sisi warudi moja kwa moja. Mwaka 2002 wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu walirudi kule kwa mwaka mmoja. Pale walipopokea pesa ya safari kutoka HCR, walipewa pia somo juu ya mabomu, mbele ya kufika nyumbani kwao. Kwanza somo, halafu nyumbani.

Kwetu je? Tunaanza na jembe. Nasema hivi kwa heshima, mbele ya wafadhili. Karatasi zenu za raporo zina sanduku la kuhesabu majembe, mbegu za maharagi, mabati. Sanduku la kuhesabu siku ya somo, sijaliona. Na jembe ndilo linalogonga chini. Kongo ilikubali mkataba wa Ottawa juu ya mabomu ya ardhini mwaka 2002, na tuna sheria ya 2011. Lakini karatasi haichimbui kitu. Watu wa Kisangani wanajua: vita vya siku sita vya Juni 2000, kati ya jeshi la Rwanda na la Uganda, viliacha ndani ya mji makombora ambayo hayakulipuka. Yale makombora hayakujua kwamba vita vimekwisha.

Ninaomba wafadhili kitu kimoja: pesa za kulipa siku mbili za wateguaji na tiketi ya moto kwa memba anayekwenda kutoa habari, mbele ya majembe kugawanywa. Ikibidi kupunguza mabati, tupunguze mabati.

Kwa wanamemba, haya munayajua lakini nayarudilia juu ya msimu unaokuja. Musichome pori la shamba ambalo halijalimwa tangu tulipokimbia. Moto unaweza kulipua kilicho chini. Musipike palipokuwa kambi ya askari. Mtoto akileta chuma asichokijua, musimpige na musimwambie akirudishe: akiweke chini polepole, wote mutoke, mumuite chefu. Ukikiona wewe mwenyewe shambani, simama, rudi juu ya nyayo zako, weka matawi njiani kwa mbali. Usitupe jiwe kujaribu. Na wale wanaonunua vyuma kwa kilo, wababa, wakatalieni. Franga za kilo mbili za chuma hazinunui mkono.

Mama Sekretari ana daftari. Mwenye shamba lililokuwa karibu na kambi, na barabara ya vita, au ambalo jirani alionamo kitu, abaki kidogo. Ataandika jina la lokalite na alama ya kulitambua, mti ao kijito. Orodha hiyo inakwenda kwa wateguaji siku ya tatu.