Tairi Rahisi Ni Lipi? Ushauri kwa Magari ya Safari za Porini

(Mada iliyotolewa kwa madereva na wasimamizi wa magari)



Nimeombwa kuzungumzia matairi. Nitajibu swali moja tu: tufanyeje ili fedha tunayoitoa dukani isipotee barabarani?

Tuanze na barabara yenyewe. Kutoka Arusha hadi lango la Loduare ni lami. Ukishapita Ngorongoro kuelekea Naabi Hill na Seronera, unakutana na changarawe, mawe makali na vijituta vinavyotikisa gari bila kukoma. Pembeni kuna miiba ya migunga. Wakati wa masika udongo mweusi hunata na kuteleza. Tairi lile lile linatakiwa kuyamudu yote haya, huku limebeba abiria, mizigo, mafuta na maji. Likipasuka huko, fundi yuko mbali, na kushuka garini kubadilisha tairi kwenye eneo la simba si jambo la mzaha.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano: tairi la shilingi 300,000 likidumu kilometa 25,000, kila kilometa imegharimu shilingi 12. La shilingi 500,000 likidumu kilometa 50,000, kila kilometa ni shilingi 10. Hapo hatujahesabu pancha wala safari iliyokwama. Kwa hiyo kila gari liwe na daftari. Andika tairi limefungwa lini, gari likisoma kilometa ngapi, na limetolewa lini. Daftari hilo litakushauri vizuri kuliko mwenye duka.

Kabla ya kulipa, tazama mambo manne.

Kwanza, uwezo wa kubeba. Ubavuni utasoma maandishi kama LT235/85R16 120/116Q. Namba 120 maana yake tairi linabeba hadi kilo 1,400 likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli. Q ni mwendo usiozidi kilometa 160 kwa saa. Herufi LT zinaonyesha ni tairi la gari la kazi. Tairi la gari dogo linaweza kuingia kwenye rimu, lakini ubavu wake ni laini na mawe hulichana upesi.

Pili, kashata. Tairi la A/T linafaa lami na changarawe, na kwa safari zetu nyingi linatosha. La M/T lina kashata kubwa zenye nafasi, hujisafisha tope, lakini lina kelele, hula mafuta zaidi na kwenye lami huisha haraka. Linunue kama kweli kazi yako kubwa ni matope.

Tatu, umri. Mwisho wa namba za DOT kuna tarakimu nne. 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10, hata kama kashata bado ipo. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nene na nyufa ubavuni. Liinamie, ulikague.

Nne, ulinganifu. Matairi yote, pamoja na spea, yawe ya ukubwa mmoja. Ukichanganya jipya na kipara, magurudumu hayazunguki sawa, na ukifunga fouwili kwenye ardhi ngumu unaumiza difu na giaboksi.

Mwisho, tairi bora bila upepo sahihi ni hasara. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, likiwa baridi. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja, hupata joto na kupasuka. Ukipunguza upepo ili kuvuka mchanga, jaza tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kawaida. Maana yake pampu na kipimo viwe garini kila safari, pamoja na spea mbili.

Wasimamizi, dereva akileta taarifa kwamba tairi limechoka, msimwambie avumilie safari moja zaidi. Abiria hawakuchagua tairi hilo. Wameingia garini kwa kutuamini, na nyumbani wanasubiriwa.

Tukitoka hapa, kila mmoja akasome ubavu wa matairi ya gari lake, na spea asiisahau.