Kuni na Moto wa Nyumbani Wakati wa Kipupwe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kwa mkutano kama huu, nalo ni kuni. Lakini mtu atazamaye hesabu za Mweka Hazina zilizochapwa katika kitabu hiki ataona ya kwamba, tukiacha matanga na karo za watoto, hakuna fungu lililotumika zaidi kuliko lile la kuwanunulia wajane na wazee makaa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kwa hiyo yatupasa kuuliza kama fedha hiyo yaleta joto.

Wageni hudhani ya kuwa nchi iliyopitiwa na mstari wa Ikweta haijui baridi. Sisi tukaao upande wa Limuru, zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, twajua habari nyingine, na jamaa zetu wa Kinangop huamka alfajiri nyingine wakakuta sakitu juu ya majani ya viazi. Kipupwe cha mwaka huu, hata hivyo, kilikuwa chepesi. Jua lilijitokeza mara nyingi adhuhuri, na watu wengi walishukuru.

Nasi tulishukuru. Lakini tumeona ya kuwa kipupwe chepesi kina hila yake. Baridi kali humlazimisha mtu kujiweka tayari mapema. Baridi ndogo humfanya aahirishe. Husema, "Leo nitavumilia," hata usiku ufikapo na mtoto akaanza kukohoa, ndipo atumapo kununua kuni za njiani zilizokatwa juzi, au makaa ya mkebe mmoja.

Kuni zilizokatwa juzi ni maji. Mti mbichi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hauwezi kumpa mtu joto kabla haujamaliza kazi ya kuyachemsha maji hayo na kuyatoa kwa mvuke. Mwenye kununua tita la kuni mbichi amenunua mtungi wa maji kwa bei ya kuni, na moshi amepewa bure. Kuni zilizopasuliwa, zikapangwa kwa nafasi chini ya paa, ubavu mmoja ukiachwa wazi upepo upite, zahitaji miezi sita au zaidi kukauka vema katika hali ya hewa yetu ya ukungu. Maana yake, kuni za Julai hupasuliwa kabla ya Krismasi. Ijulikane pia ya kwamba gogo zima lenye gome lake hukauka polepole sana. Ni kupasua ndiko kukaushako. Ukigonganisha vipande viwili vikalia kwa sauti kali, vimekuwa tayari. Vikitoa sauti ya kuziba, virudishe bandani.

Miti tunayo. Mikaratusi ilianza kupandwa katika nchi hii mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za gari la moshi, na miwati ililetwa kwa sababu ya magome yake yatumiwayo katika kutengeneza ngozi. Yote miwili asili yake ni Australia, na sasa imekuwa kama wenyeji. Muwati hutoa kuni nzito zenye kaa la kudumu. Saiprasi huwaka upesi na kwisha upesi, nayo yafaa kuwashia. Tangu Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, watu wengi wamejifunza kutegemea miti ya mipakani mwa mashamba yao, na ingawa marufuku hiyo ililegezwa mwaka 2023, twaona mazoea hayo yafaa kubaki.

Sasa tuje kwenye makaa, ambayo ndiyo sababu hasa ya hotuba hii. Makaa si haba kwa gharama tu, ingawa kilo 100 za kuni kavu katika tanuri ya udongo aghalabu hazitoi hata kilo 20 za makaa. Ubaya mkubwa ni jiko lile liwekwalo chumbani usiku. Desturi ni kuliwasha nje, kungoja moshi uishe, kisha kuliingiza ndani na kuziba chini ya mlango kwa matambara. Watu hufikiri moshi ukiisha na sumu imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, miguu hulegea, kichefuchefu huja, na usingizi mzito hufuata. Moshi wa kuni humwamsha mtu kwa kumkera macho, makaa humbembeleza. Chama hiki kimewahi kuchanga fedha za majeneza ya aina hiyo, na waliochanga wanakumbuka. Amwonaye mwenziwe katika hali hiyo na afungue mlango, amtoe nje penye hewa, ampeleke hospitali bila kukawia.

Hatusemi kuni hazina lawama. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria ya kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moto wa kuni ukae jikoni penye tundu la moshi au dirisha, uwe mdogo lakini wa kuwaka kwa ndimi. Moto unaofukizwa kwa kunyimwa hewa ili udumu ndio utoao masizi mengi. Watu waote pamoja kabla ya kulala. Chumbani aingie nayo mtu chupa ya maji moto iliyozibwa barabara na kufungwa kitambaa. Bibi mmoja alituambia chupa yake hubaki na vuguvugu hata jogoo wa kwanza, nasi hatuna sababu ya kumbishia.

Kwa hayo, Halmashauri yaomba idhini yenu kwamba fungu la makaa la mwaka ujao ligawanywe. Sehemu kubwa ijenge banda la kuni nyuma ya ofisi, lenye paa la mabati na sakafu iliyoinuliwa kwa mawe. Sehemu inayobaki iwalipe vijana wapasuaji. Wanachama wenye miwati ya kupunguza mashambani waandikishe majina yao kwa Katibu leo, kwa maana kazi ya shoka haina budi kuanza kabla ya mwisho wa Novemba. Wajane na wazee wataletewa kuni mlangoni kila Jumamosi, pamoja na chupa moja kwa kila nyumba. Mweka Hazina yupo hapa, naye yu tayari kuulizwa juu ya bei ya mabati.