Homa Itokayo Bandani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Gakindu)



Leo hatutasema juu ya mshahara, ingawa twajua ndilo neno mlilolijia. Twataka kusema juu ya homa impatayo mtu kazini, naye asijue kuwa ameipata kazini. Watu wengi huiita brusela.

Hapa Gakindu, na Mukurweini yote, ng'ombe wengi hawaendi malishoni. Wamo bandani nyuma ya nyumba, karibu na kahawa, nao huletewa majani. Aliye karibu nao kuliko wote ni mfanyakazi: ndiye akamuaye, ndiye azoaye samadi, ndiye aamshwaye usiku ng'ombe anapozaa. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Ng'ombe mwenye ugonjwa huu aweza kuonekana mzima kabisa. Kisha hutupa mimba, mara nyingi katika miezi ya mwisho, na vijidudu hujaa katika kondo la nyuma, katika maji ya uzazi na katika ndama mfu. Mtu akishika vitu hivyo kwa mkono mtupu wenye mkwaruzo wa panga, vijidudu vimepata mlango. Tena hali yetu ya baridi na kivuli huvifanya viishi muda mrefu.

Njia nyingine ni maziwa mabichi, na habari hiyo ni ya zamani. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alivipata vijidudu hivi katika wengu wa askari waliokufa kisiwani Malta. Mwaka 1905 Zammit wa huko huko akaonyesha kuwa mbuzi ndio wanaovibeba. Maziwa yakichemka, hufa. Hata mala, chemsha kwanza ndipo ugandishe. Lakini twaona maziwa yamehubiriwa sana, na mikono imesahauliwa. Mnywa chai ana sufuria ya kumlinda. Mvuta ndama ana nini? Zamani wengine walivaa mfuko wa plastiki mkononi. Tangu mifuko ipigwe marufuku mwaka 2017, hata hila hiyo imekwisha.

Homa yenyewe huja na kwenda. Jasho usiku, mgongo na viungo kuuma, uchovu usioisha. Wanaume wengine huvimba korodani. Mtu huambiwa ni malaria, ingawa huku kwetu juu malaria si nyingi, hununua vidonge dukani, na mwajiri humwita mvivu. Basi ukifika kwa daktari, sema neno hili kabla ya yote: "Mimi nafanya kazi ya ng'ombe." Na ukipimwa kwa kipimo cha haraka, uliza kama kuna kingine cha kuthibitisha, kwa maana utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipimo kilichotumika sana katika hospitali za Kenya kilikosea mara nyingi. Dawa huwa za namna mbili pamoja, kwa majuma 6 hivi. Aachaye njiani kwa kuwa amepata nafuu, homa yaweza kumrudia.

Mtamba huchanjwa akiwa na miezi 3 hadi 8. Mtu hana chanjo. Tena chanjo ya ng'ombe ina vijidudu hai. Sindano ikimchoma anayemshika mtamba, aende hospitali siku ile ile.

Wako waajiri wasemao glavu ni gharama. Hao hao hununua pumba, hulipa sindano ya kupandisha, na ng'ombe akikohoa humwita daktari wa mifugo kabla ya jua kuchwa. Serikali ya Kenya imeihesabu brusela miongoni mwa magonjwa 5 ya wanyama na watu yanayopewa nafasi ya kwanza, pamoja na kimeta na kichaa cha mbwa. Nayo sheria ya fidia ya mwaka 2007 haikutaja ajali peke yake; yataja pia ugonjwa utokanao na kazi. Twadai glavu ndefu za kufika begani, gumbuti, sabuni na maji bandani, na shimo refu la kuzikia kondo mbwa wasipofika. Mwanamke mwenye mimba asipewe kazi ya kuzalisha.

Ng'ombe akitupa mimba, andika tarehe, umwarifu mwajiri kwa barua, nawe ubaki na nakala. Kadi ya hospitali usiitupe. Ambaye ana homa ya namna hii sasa, au asiyeweza kuandika barua, asiondoke. Katibu atakaa naye hapa baada ya mkutano.