Nyumba ya Kukimbilia



Jambo nitakalolitolea maoni leo ni la wale wanawake wanaotoka majumbani mwao usiku, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, kwa kuwa mtu aliyewaoa kwa ahadi ya kuwahifadhi ndiye anayewaumiza. Na ingawa najua kwamba wako watakaosema mambo ya mume na mke hayaingiliwi, na kwamba ni afadhali kufunika kombe mwanaharamu apite, mimi naona kifuniko hicho kimekaa muda mrefu mno, na chini yake wako waliokwisha kufa. Swali langu ni moja: mwanamke huyo aende wapi?

Hapo kale jawabu lilikuwa tayari, nalo ni kwamba aende kwao. Katika mji wa Lamu waungwana walikuwa na desturi ya kumtengea binti nyumba, au ghorofa katika nyumba ya jamaa, anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Na hata leo mtu apitaye katika vichochoro vya mji ule, akiinua macho, ataona wikio zilizojengwa juu ya njia, zikiunganisha nyumba ya upande huu na ya upande wa pili, hata mwanamke akaweza kuvuka kutoka kwake akafika kwa jamaa zake bila ya kuteremka chini wala kuonekana na wapita njia. Mwanamke wa namna hiyo, mume akimnyanyulia mkono, hakuwa na haja ya kukimbia, maana paa lilikuwa lake, na wa kufunga virago alikuwa ni yule mume. Walakini nisije nikaipamba historia kuliko ilivyokuwa: stara hiyo ilikuwa ya waungwana, na mjakazi aliyelala katika nyumba hiyo hiyo hakuwa na wikio la kuvuka wala kwao pa kurejea.

Wengi wa wanawake wetu wa leo, kwa jambo hili, hali yao ni karibu zaidi na ya mjakazi yule kuliko ya bibi yake. Yuko aliyepanga chumba kimoja na mumewe Mbagala au Tandika, mkataba umeandikwa kwa jina la mume, kodi imelipwa ya miezi sita, na wazazi wake wako Kigoma au Mtwara, safari ya siku nzima kwa basi, nauli hana. Yuko mwingine ambaye kwao ni karibu, lakini ng'ombe wa mahari yake wamekwisha kutolewa ili kaka yake aoe, na baba akimwona bintiye mlangoni huwaona kwanza ng'ombe ambao hana njia ya kuwarudisha. Basi huyo huambiwa kwa upole, na mara nyingine na mama yake mzazi ambaye naye aliambiwa vivyo hivyo, kwamba ndoa ni uvumilivu, na kabla jua halijatua amekwisha kurudishwa alikotoka.

Uchunguzi mkuu wa afya na idadi ya watu uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 40 wamepata kupigwa au kudhuriwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Hesabu hiyo inahuzunisha, lakini iko nyingine katika uchunguzi huo huo iliyonisumbua zaidi: walipoulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu mojawapo ya zile walizotajiwa, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila ya kuaga, waliokubali walikuwa wanaume 40 katika kila 100, na wanawake 58. Wako waliozisoma hesabu hizo wakasema wanawake wenyewe wameridhika. Mimi nasema hasha. Mtu aliyefungiwa katika chumba kisicho na mlango hatimaye huanza kuzisifu kuta, kwa kuwa kuzilaani kila siku, ilhali hana pa kutokea, ni adhabu juu ya adhabu.

Wala si kwamba sheria imenyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, imetamka bayana katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na katika hospitali kadhaa, Bara na Zanzibar, kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo tabibu, askari na mtu wa ustawi wa jamii hukutana mahali pamoja ili mjeruhiwa asizungushwe mji mzima akisimulia madhila yake upya kwa kila anayemkuta. Hayo yote ni mema na yastahili shukrani. Lakini mtazameni mwanamke huyo baada ya kupewa fomu ya polisi ya PF3, akatibiwa, akaandikisha maelezo yake, na saa imekwisha kuwa tatu ya usiku. Jeraha limefungwa, jalada limefunguliwa, na mume bado hajakamatwa. Hapo ndipo kila mmoja aliyemhudumia humtazama mwenzake, kwa sababu kazi ya serikali imefika ukingoni na mwanamke angali amesimama na watoto wake. Wako askari wema waliowalaza watu hawa kwenye benchi la kituo, au wakawachukua majumbani mwao wenyewe, na Mungu atawalipa. Bali wema wa askari mmoja haufai kuwa ndio mpango wa nchi.

Kinachokosekana hapo ni nyumba. Nyumba salama, kama wengi wanavyoiita, haina kibao mlangoni, na walinzi wake hawamjibu mtu asiyejulikana, maana mume aliyeachwa hutafuta, tena hutafuta kwa bidii kuliko alivyopata kutafuta riziki. Anayepokewa huja na alichoweza kukishika gizani: doti ya khanga, kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, na pengine sare ya shule iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa mama, hata katika kukimbia, huwaza juu ya Jumatatu. Na hapo huanza mambo ambayo watu wa nje hawayafikirii. Mtoto atasoma wapi, maadamu shule yake baba anaijua? Nani atamwombea uhamisho bila ya kuiacha wazi anuani mpya? Na kijana wa kiume aliyekwisha kubaleghe, ambaye nyumba nyingi za namna hii huona vigumu kumlaza miongoni mwa wanawake wenye khofu, apelekwe kwa nani? Wako kina mama walioambiwa kwamba wao na wadogo watapokewa lakini mwana mkubwa hapana, nao wakageuka wakarudi kwenye kipigo kuliko kumwacha, na mimi siwezi kuwalaumu.

Huko Uingereza nyumba ya kwanza mashuhuri ya aina hii ilifunguliwa mwaka 1971 katika mtaa wa Chiswick, London, na mwanamke aitwaye Erin Pizzey. Halmashauri ya mji ilikuwa imeruhusu wakae watu 36. Wakaguzi walipoingia walikuta 75, naye akashitakiwa kwa kuwajaza watu kupita kiasi, na kesi ikapanda hadi mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1977 ilithibitisha hatia yake. Kwa sheria majaji walikuwa na haki yao. Lakini kosa lake lote lilikuwa kwamba hakuweza kumfungia mlango mama aliyesimama nje, na mji uliomshitaki haukuwa umejenga mlango mwingine.

Najua pingamizi kubwa linaloletwa kwetu, kwamba nyumba hizi huvunja ndoa na kuharibu sulhu. Sulhu ni jambo adhimu. Kurani imeamuru wateuliwe waamuzi wawili, mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Lakini sulhu hufanywa baina ya watu wawili walio na hiari, na mke anayejua kwamba akikataa masharti atalala pamoja na aliyempiga, hana hiari yoyote. Nyumba ya hifadhi ndiyo impayo hiari hiyo. Huko Mugumu, wilayani Serengeti, ilifunguliwa nyumba salama mwaka 2014 kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji unaotakwa na wazazi wao wenyewe, na walezi wake hawawageuzi wazazi kuwa maadui: huwaendea, huzungumza nao, na binti hurejeshwa wazazi wakiisha kuahidi kwamba hatadhuriwa.

Na hata hivyo hifadhi ni ya muda. Miezi michache hupita, kitanda kinahitajiwa na mwingine, na swali la paa hurudi lilivyokuwa. Ndiyo maana nayathamini sana maamuzi ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ya mwaka 1983, yaliyokubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na kile kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, kinachozuia nyumba ya ndoa isiuzwe wala isiwekwe rehani bila ya ridhaa ya mwenzi wa pili. Na hatua waliyoichukua jirani zetu wa Kenya mwaka 2015, walipotunga sheria inayomwezesha hakimu kumwachia aliyedhulumiwa nyumba na watoto, na kumzuia aliyedhulumu asiikaribie. Insafu ndiyo hiyo: atoke aliyepiga. Sheria ya namna hiyo twaihitaji huku kwetu, nami sioni udhuru wa kuichelewesha.

Lakini sheria hutungwa kwa miaka, na kipigo ni cha usiku huu. Kwa hiyo nawaomba madiwani wote wanaonisikiliza, wa mijini na wa vijijini, kwamba kila halmashauri iwe na nyumba moja ya hifadhi iliyo yake yenyewe, isiyotegemea hisani ya wafadhili, yenye mlinzi, mpishi, ofisa wa ustawi wa jamii na chumba kwa ajili ya mama mwenye vijana wa kiume. Na nyinyi wasikilizaji msingoje kuulizwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Mwendeeni diwani wenu mapema, mumwulize mbele ya watu fungu hilo limeandikwa ukurasa gani.