Nani Anasimama Kwenye Mizani? Uwajibikaji na Miradi ya Vijiji Mkoani Simiyu



Ipo kauli ninayoisikia katika kila warsha ya maendeleo, nayo ndiyo iliyonileta kwenye mimbari hii. Inasema miradi ya vijiji hufa kwa sababu wanakijiji hawajui hesabu na hawana desturi ya kumhoji kiongozi. Dawa yake huwa ni semina: mtaalamu anakuja, anafundisha ujasiriamali, watu wanasaini posho, gari linaondoka. Kwa Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Simiyu imo, kauli hii haina ukweli, na inawadhulumu watu walioifanya nchi hii ijue maana ya kudai hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alikuwa na adui mmoja anayemjua vizuri: mizani ya mnunuzi. Habari hizi amezieleza G. Andrew Maguire katika *Toward "Uhuru" in Tanzania*, kitabu cha mwaka 1969 ambacho nimekisoma hadi jalada limeachia. Waandishi wengine huanzia siasa Dar es Salaam. Maguire anaanzia huku, kwenye mabaraza, vyama na ugomvi wa wilaya za Usukuma, na anamchukulia mkulima kuwa mtu mwenye hoja. Humo tunawaona wakulima wakiweka wapimaji wao, pamba ipimwe kwanza na mtu wanayemwamini ndipo ifike kwa mnunuzi. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Kutokana na vuguvugu hilo, likiongozwa na Paul Bomani, shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lilizaliwa mwaka 1955. Mwaka 1958 watu wa Geita wakalikataa baraza la wilaya walilowekewa na wakoloni, wakatembea hadi Mwanza kusema hivyo. Hao ndio tunaoambiwa hawana desturi ya kuhoji!

Najua nitajibiwa kwamba ushirika huohuo uliibiwa. Ni kweli. Tume ya Rais ya mwaka 1966 iliukuta wizi na upendeleo, na sitautetea. Lakini angalieni tiba iliyofuata: serikali za mitaa zikafutwa 1972, vyama vikuu vya ushirika 1976. Mwizi alikuwa ofisini, aliyenyang'anywa sauti ni mwanachama. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvifuta vyombo hivyo lilikuwa kosa. Sheria za 1982 zikavirudisha, na zikakipa kila kijiji mkutano mkuu wa watu wazima wote, unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha Bariadi, hapo Simiyu. Taarifa ya mapato na matumizi ilikuwa imebandikwa ubaoni, nyuma ya wavu, wino umepauka kwa jua. Mtendaji aliisoma upesi. Mama mmoja mzee akainuka, akauliza kwa Kisukuma: saruji ya choo cha shule ni mifuko mingapi, na nani aliipokea? Hakuuliza jumla ya fedha. Aliuliza mifuko, kwa sababu choo alikuwa anakiona, na mifuko inahesabika. Mtendaji alipekua daftari lake muda mrefu. Semina gani ingemfundisha mama yule zaidi?

Sasa tazameni tulivyoipanga miradi yetu. Huko huko Simiyu vijana wa Maswa walitengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa, na bidhaa hizo tulizishangilia Nyakabindi kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane. Nilifurahi kama mzawa. Ili miradi kama hiyo ipate mtaji, tangu 2018 sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameripoti mikopo isiyorejeshwa, hata vikundi hewa, na mwaka 2023 utoaji wake ukasitishwa kwa muda. Kikundi hewa kinaweza kumpita ofisa aliye makao makuu ya wilaya. Hakiwezi kuwapita majirani wa mahali kinapodaiwa kuwepo, maana wanajua nani ana cherehani na nani hana.

Nakubali kwamba mkutano mkuu unaweza kutekwa na wenye ng'ombe wengi. Nakubali pia kwamba msimu wa palizi watu hawaji, na kwamba mkaguzi huona hati ambazo mwanakijiji hazioni. Nimeyapima hayo yote na bado sijatetereka. Ninachodai kinaweza kuandikwa kwenye kanuni kesho: kabla halmashauri haijatoa mkopo, jina la kikundi, wanachama wake, kiasi kinachoombwa na kitu kitakachonunuliwa visomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kikundi kikiwa kimesimama mbele ya watu, na kila baada ya miezi mitatu kisimame tena, kiulizwe.