Mtoto Aliye Mbele katika Hisabati: Tumsogeze Hadi Wapi?

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wazazi na walimu



Kwanza niweke wazi mipaka ya ofisi yangu. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, serikali ya kaunti husimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo sikuja kutangaza mpango mpya wala basari. Nimekuja kuzungumzia swali la wazazi wengi: mtoto wa Gredi ya 3 anayefanya hesabu za Gredi ya 5, afanyiwe nini?

Swali hili si dogo. Akiachwa hivyo hivyo, atazoea kwamba shule ni mahali pa kusubiri wenzake. Siku atakapokutana na hesabu ngumu kweli kweli, hatakuwa na mazoea ya kupambana nayo. Akisukumwa kupita kiasi, huenda akaanza kuliogopa somo alilolipenda.

Tutofautishe basi wepesi na uelewa. Mtoto aliyekariri kuzidisha ana kumbukumbu nzuri, lakini hilo pekee halitoshi. Muulizeni: kwa nini nusu ni kubwa kuliko thuluthi, ilhali 3 ni kubwa kuliko 2? Akikata chapati na kueleza, ameelewa. Kisha mpeni hili: kwa sarafu za shilingi 1, 5, 10 na 20, unaweza kulipa shilingi 20 kwa njia ngapi? Jibu ni njia 10. Sikilizeni zaidi namna anavyofikia jibu: anapanga au anabahatisha?

Akionyesha uelewa, ziko njia tatu. Ya kwanza ni kubaki darasani na kupewa maswali yenye kina, kama hilo la sarafu. Ya pili ni kusogezwa katika Hisabati pekee: kipindi kikifika aende gredi ya juu, kisha arudi kwa wenzake. Hii inahitaji ratiba za walimu wawili zipatane. Ya tatu ni kurukishwa darasa zima.

Hii ya tatu ndiyo nzito. Inagusa kusoma, kuandika, marafiki na hata umri wa kubalehe. Inagusa alama pia. Matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9 hujumuisha mtihani wa KJSEA kwa asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 kwa asilimia 20, na KPSEA ya Gredi ya 6 kwa asilimia 20. Ukimrukisha mtoto mojawapo ya gredi hizo, utaacha pengo. Muulizeni mwalimu mkuu kabla ya kuamua.

Terence Tao wa Australia alishiriki Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati mwaka 1986 akiwa na miaka 10, na mwaka 2006 akapata Nishani ya Fields. Wengi husahau kwamba utotoni hakusogezwa kwa kasi moja katika kila somo. Alisoma katika madarasa tofauti kwa masomo tofauti, kulingana na uwezo wake katika kila moja.

Ushauri wangu ni huu. Anzeni na njia nyepesi. Isipotosha, msogezeni mwaka mmoja tu, katika Hisabati pekee, na kila mwisho wa muhula mkae na mwalimu kupima. Mtoto aulizwe maoni yake. Akianza kuficha daftari, kulalamika tumbo asubuhi, au kutoa majibu asiyoweza kuyaeleza, mrudisheni hatua moja bila kumwaibisha. Kurukishwa darasa zima kuwe kwa yule aliye mbele katika masomo yote na anayeelewana na wakubwa.

Kwa upande wa chekechea, ambako kaunti inahusika moja kwa moja, nasihi yangu ni msiwakimbize watoto. PP1 ni miaka 4, PP2 miaka 5, Gredi ya 1 miaka 6. Anayehesabu hadi 100 bado anajifunza kushika penseli na kungoja zamu. Mpeni vifuniko vya chupa avipange, mtumeni dukani na mkubwa wake ahesabu chenji.

Wiki hii, chukueni daftari la mtoto mkamwone mwalimu wa darasa. Uamuzi uanzie hapo.