Kikombe cha Unga na Pauni Tano

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Nyarugusu



Kamati imeniomba niseme juu ya huruma. Mimi si mhubiri, ni mwalimu. Nilisomea ualimu chuoni Uvira, nikakimbilia hapa mwaka 2012, na tangu wakati huo nashika chaki. Kwa hiyo nitasema kama mwalimu: mfano mmoja wa hapa, mfano mmoja wa mbali, kisha kazi ya nyumbani.

Mfano wa hapa wengi mnaujua. Mwaka 2016 nilikuwa na mwanafunzi aliyesinzia darasani kila asubuhi. Nilimwadhibu mara mbili. Mara ya tatu nikamwuliza, naye akaniambia kwamba kwao unga umekwisha, na siku ya mgao bado ni mbali. Niliona haya. Nilipomsimulia mama mmoja jirani yangu, hakunijibu neno. Aliingia ndani, akachota kikombe kimoja cha unga, akakifunika kwa kitambaa, akakipeleka kwa watu wale. Siku ya mgao iliyofuata alipita kwa wenzake wa mtaa akiwa na kikombe kile kile mkononi. Hakuomba debe, aliomba kikombe, na kikombe hakuna aliyeona vigumu kukitoa. Ndivyo ulivyoanza mfuko wetu wa wanafunzi, ambao umepika uji, umenunua madaftari, na umewapa sabuni watoto waliokuwa wakikwepa shule kwa aibu ya nguo chafu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tumeona kibaba kikijaa kwa macho yetu.

Sasa mfano wa mbali. Katika ofisi ya shule yetu imetundikwa karatasi ya Haki za Mtoto. Chuoni tulizikariri kwa ajili ya mtihani, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mtu aliyeandika tamko la kwanza la haki hizo aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jina lake ni Eglantyne Jebb, mwanamke wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1876. Alisoma Oxford, kisha akaingia chuo cha ualimu, akafundisha watoto wa maskini katika mji wa Marlborough. Kazi ya darasani ilimshinda, akaiacha. Nalisema hilo ili walimu wenzangu mjue kwamba mtu anaweza kushindwa na chaki asishindwe na huruma.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilisimama Novemba 1918. Hata hivyo Uingereza na wenzake waliendelea kuzuia meli za chakula zisifike kwa adui, na watoto wa Ujerumani na Austria wakawa wanakufa kwa njaa. Mwaka 1919 Eglantyne alisimama katika uwanja wa Trafalgar, London, akigawa karatasi yenye picha ya mtoto wa Austria aliyekonda hadi mifupa. Hakuwa na kibali cha serikali, akakamatwa. Mwezi Mei mahakama ikamtoza faini ya pauni 5. Hapo ndipo mwendesha mashtaka, Archibald Bodkin, yule yule aliyesimama kumshitaki, alipotoa pauni 5 za mfukoni mwake. Fedha hizo zikawa mchango wa kwanza wa mfuko ambao Eglantyne na mdogo wake, Dorothy Buxton, waliuzindua mwezi ule ule: Save the Children.

Tazameni jinsi pauni 5 zilivyokua. Eglantyne hakukaa na huruma yake chumbani. Alinunua nafasi magazetini ili kila msomaji ajue jambo lenyewe. Aliwaomba viongozi wa dini, na Papa Benedikto wa Kumi na Tano akaagiza mchango ukusanywe katika makanisa ya Kikatoliki tarehe 28 Desemba 1919, siku ya Watoto Mashahidi. Njaa ilipoingia Urusi mwaka 1921, mfuko ulipeleka meli ya chakula, na picha za sinema zilizopigwa kule kwenye njaa zikaonyeshwa Uingereza ili watu waone wanachangia nini. Mwaka 1924 Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliokuwa Geneva, ulipitisha tamko la haki za mtoto alilokuwa ameliandika. Alifariki mwaka 1928. Miaka mingi baadaye, mwaka 1989, dunia ikapata Mkataba wa Haki za Mtoto tunaoujua leo.

Ndugu zangu, kutoka mifano hii miwili najifunza mambo mawili.

La kwanza ni daftari. Huruma huanza moyoni, lakini mchango hudumu kwa hesabu. Sisi tulijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2018 mtu mmoja alishika ufunguo, na daftari, na fedha. Fedha zikapotea. Sitaki kuwasha tena moto ule. Nataka tu mkumbuke kwamba kwa miezi minne hakuna aliyeleta kikombe, na walioumia si sisi wakubwa. Tulipoanza upya tuligawa kazi: mmoja anatunza unga, mwingine ufunguo, mwingine daftari, na kila baada ya mgao daftari linasomwa kwa sauti mbele ya watu. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza unga wake umekwenda wapi, maana amesikia kwa masikio yake.

La pili ni gumu zaidi. Eglantyne hakukamatwa kwa kulisha watoto wa jirani. Alikamatwa kwa sababu ya watoto wa adui.

Mwaka 2023 walitufikia ndugu wapya kutoka Kivu ya Kaskazini. Mwaka huo huo mgao wetu ulipunguzwa hadi nusu. Watoto wao walikaa kwenye madawati yetu, na lugha waliyozungumza wakati wa mapumziko ilikuwa, masikioni mwa baadhi yetu, lugha ya watu waliotuchomea nyumba. Tukaulizana: je, kikombe ni chao pia? Mimi ndiye niliyekuwa nimeandika juu ya jalada la daftari maneno "Mfuko wa Watoto Wetu". Nakiri mbele yenu kwamba siku ile nilinyamaza, nikingoja mwingine aseme. Akasema yule mama wa kikombe. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe unayejua kusoma, hebu nisomee: tumbo la mtoto limeandikwa kabila gani?" Sikuwa na jibu. Nilichukua kalamu, nikafuta neno "Wetu".

Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Katika mtaa wetu kaya karibu nusu ziliacha kutoa. Baadhi zimerudi, nyingine hazijarudi hadi leo, na siwalaumu, maana najua walichokizika kabla ya kuvuka ziwa. Lakini nitawaambia nilichokiona. Mwaka jana mzazi mmoja wa wale wapya alikuja shuleni kabla ya kengele, ameshika kikombe. Kilikuwa kimejaa nusu tu. Akasema, "Mwalimu, andika jina langu." Nikaliandika.

Kazi ya nyumbani ni hii. Hotuba zikiisha, daftari litasomwa pale chini ya mwembe. Njooni msikilize, hata mliokasirika, na anayeona kosa aliseme mchana kweupe. Siku ya mgao, anayeweza kikombe alete kikombe, anayeweza nusu alete nusu. Asiye na kitu aje ashike ufunguo au akoroge uji. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wapo wanaotuita watu wa kupokea. Siku ya leo iwe ushahidi kwamba sisi pia ni watu wa kutoa.